Vifaranga Upande wa Kulia

Bi Esha aliingia dukani siku ya Alhamisi, flashi ikiwa imefungwa kwenye pindo la kanga kama ugoro. Hakuitoa mara moja. Kwanza alikaa kwenye benchi, akavua kandambili, akapumzisha nyayo juu ya saruji iliyokuwa baridi, kisha akatembeza macho ukutani: kompyuta zilizopasuliwa matumbo, kibodi zilizong'oka meno, waya zinazoning'inia mafungu kwa mafungu.

"Shikamoo, mama," alisema Dativa.

"Marahaba, mwanangu. Nimetoka Pande. Nimeambiwa hapa Masoko kuna fundi anayesikia."

Dativa alicheka. Alikuwa na miaka tisa Kilwa Masoko tangu atoke kwao Newala, na watu walimwita fundi wa kompyuta, fundi wa printa, dada wa chaja. Fundi anayesikia lilikuwa jina jipya.

"Nani kakwambia hivyo?"

"Mwalimu wa shule yetu. Anasema ulipokuja kutengeneza spika za shule ulikaa chini ya dirisha dakika kumi nzima, umefumba macho. Alidhani umelala."

Hapo ndipo mama yule alipofungua pindo na kuiweka flashi juu ya meza, polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Humu ndani nimo mimi na pacha wangu," alisema. "Tunatwanga."

Kisa chake hakikuwa kirefu. Mwaka sabini na nane, watu wa chuo kimoja cha ng'ambo walipita vijiji vya Pande na mashine ya kunasia sauti, wakirekodi nyimbo za kazi. Esha na Sauda walikuwa na miaka kumi na minane. Waliwakuta uani kwao wanatwanga mpunga kwenye kinu kimoja, mchi huu ukishuka mchi ule unapanda, huku mmoja anaongoza wimbo na mwingine anapokea. Wale watu wakaomba waendelee, wakatega vyombo vyao, wakarekodi. Mwaka uliofuata Sauda akafa kwa uzazi, akaacha mtoto wa kike, Rehani, ambaye Esha alimlea. Miaka ikapita, nakala ya wimbo ikafika redioni, ukapigwa sana. Kisha nakala ya nakala ikaingia kwenye simu za watu. Na mwaka huu chuo kile kimeamua kurudisha sauti kwa wenyewe. Kuna binti alikuja Pande na flashi, akasema ule mkanda wa zamani umehamishiwa upya kwenye kompyuta, kwa ubora wa juu kabisa.

"Nimeisikiliza kwenye kompyuta ya shule," Bi Esha alisema. "Ni ile ile. Kama mtu anaimba ndani ya mtungi, halafu mtungi umefunikwa."

"Unataka isikike vipi, mama?"

"Nataka kujua nani ni nani." Akashusha sauti ingawa dukani hawakuwamo wengine. "Sauti zetu zilikuwa moja. Mama yetu alikuwa akituita, mmoja akiitika, basi anasema: nyie, nani kaitika? Sasa kwenye wimbo kuna anayeongoza na anayepokea. Watu wote wanajua kiongozi ni mimi. Nimealikwa maharusini miaka arobaini kwa ajili ya hilo, Kilwa yote hadi Kiswere. Na Rehani tangu utotoni nimemwambia: mama yako ni huyu anayepokea." Akalikunja pindo la kanga lililobaki tupu. "Nimelisema mpaka mwenyewe sijui tena kama ni kweli."

Dativa alichomeka flashi. Faili lilikuwa zito, zito mara nyingi kuliko nyimbo anazoletewa na watu. Alipoangalia maelezo yake akakuta namba ambazo zilimfanya asogeze kiti: sauti ilikuwa imepimwa mara tisini na sita elfu kwa kila sekunde, na kila kipimo kimeandikwa kwa biti ishirini na nne. Mtu aliyefanya kazi ile hakutaka kitu kidondoke. Alibonyeza. Spika ndogo za kompyuta zikatoa kelele nyembamba, mapigo kama ya kijiko juu ya meza, na sauti mbili zilizofungwa pamoja kama kuni.

"Umesikia?" Bi Esha alisema kwa huzuni. "Mtungi."

Lakini Dativa alikuwa hatazami spika. Alikuwa anatazama vile vistari viwili vya kijani kwenye kioo, cha kushoto na cha kulia, vinavyoruka na kushuka. Havikuruka pamoja.

"Mama, hao watu walitega vinasa sauti vingapi?"

"Viwili. Vilisimama kama mabua ya mtama, kimoja huku na kimoja huku, sisi katikati."

"Basi mmekaa pande mbili mpaka leo," Dativa alisema. "Mnachanganyikana njiani tu, mkishakuja kwenye mashine mbovu. Njoo Jumamosi, nyumbani kwangu."

Alipoyasema hayo alijishangaa mwenyewe, kwa sababu chumba kile hakuwahi kumwingiza mtu.

*

Kilikuwa chumba cha pili, nyuma ya sebule, dirisha lake likitazama mkorosho wa jirani. Mle Dativa alikuwa na kompyuta mpakato ambayo haifanyi kazi nyingine yoyote, spika mbili kubwa alizozipata nyumba ya wageni ilipofungwa, hedifoni alizoagiza Dar es Salaam, na kisanduku cha chuma, kidogo kama sabuni ya kufulia, kinachopokea namba kutoka kwenye kompyuta na kuzigeuza kuwa sauti. Jioni akitoka dukani hukaa humo na kusikiliza kwaya, taarabu, magita ya Kongo, chochote kilichorekodiwa kwa uangalifu. Alikuwa anapenda hasa kile kinachokuja kabla ya wimbo: kiti kinachosogezwa, mtu anayelamba midomo, chumba kinachongoja. Hapo huhisi kama amefika mahali kwa miguu yake na kusimama mlangoni.

Tatizo ni kwamba Dativa hakusikia kwa sikio la kushoto. Surua ilimpata akiwa na miaka mitano. Sikio likatoka usaha wiki mbili, kisha likanyamaza moja kwa moja. Tangu hapo dunia yake ilikuwa na upande mmoja. Alisoma kwenye vitabu kwamba spika mbili zikipangwa vizuri, mbele ya msikilizaji hutokea uwanja, waimbaji wakasimama mmoja hapa, mwingine pale, ngoma ikakaa nyuma. Alizipanga spika zake kwa futi kamba, umbali wa kila moja kutoka kwenye kiti ukilingana na umbali wa moja hadi nyingine. Alifanya kama vitabu vilivyosema. Lakini uwanja wenyewe hakuwahi kuuona.

Bi Esha alifika Jumamosi saa tatu na nusu asubuhi, na kikapu cha machungwa. Dativa alimkalisha kwenye kiti kilekile, akaanza kazi.

"Mbona unazima feni?" Bi Esha aliuliza.

"Inavuma juu ya sauti."

"Na friji?"

"Nayo inaimba. Sisi tumeizoea tu."

Alichomoa chaja ya kompyuta ukutani. Mlio mwembamba, kama wa mbu aliye mbali, ukakatika, na Bi Esha akainua kichwa, akashangaa kuwa ulikuwapo. Dativa akaeleza huku anafanya kazi. Ilikuwa mara ya kwanza kumweleza mtu, na maneno yakamjia kwa furaha. Kompyuta, alisema, ni kama mwenyeji mwenye kiherehere. Ukimpa maji safi anatia sukari, anatia iliki, anasema nimekutengenezea. Akaingia kwenye mipangilio, akazima vinogesho vyote vya sauti, kimoja baada ya kingine. Tena mwenyeji huyu ana kikombe kimoja tu. Kila kinacholetwa anakimiminia humo, kikizidi anakimwaga. Kompyuta ilikuwa imepangwa ibadilishe kila sauti iwe ya vipimo arobaini na nane elfu, nusu ya vile vilivyomo kwenye faili. Dativa akaweka programu ambayo haipitii kwa mwenyeji, inayokabidhi namba moja kwa moja kwa kile kisanduku, zilivyo, bila kuguswa. Taa ndogo kwenye kisanduku ikageuka kutoka nyekundu kuwa samawati.

"Imekubali," alisema. "Sasa inasoma tisini na sita."

"Ndiyo itasikika?"

"Bado. Namba kubwa peke yake haisemi kitu. Chumba nacho kinaimba."

Kweli, alipopiga makofi mara moja, ukuta wa saruji ulirudisha kofi lile kwa mlio mkali. Wakaenda wote wawili kuleta godoro la sebuleni, wakalisimamisha nyuma ya kiti. Bi Esha akavua kanga yake ya juu, wakaitundika dirishani pamoja na shuka mbili na blanketi. Spika Dativa aliziinua kutoka kwenye meza, akaziweka juu ya matofali, mdomo wa kila moja ukielekea kwenye kiti, kimo cha masikio ya mama aliyeketi. Sauti ya kompyuta akaipandisha mpaka mwisho na kuiacha hapo. Ukiipunguza humo ndani, alisema, unazitafuna namba. Ya kupunguzia ni hii, na akashika kirungu cha kuzungusha cha kile kisanduku kwa vidole viwili.

Kisha akasema jambo ambalo hakupanga kulisema. "Mama, mimi sikio hili halisikii. Nikikuuliza nani yuko upande gani, usidhani nakujaribu. Sitajua."

Bi Esha alilitazama lile sikio. "Wewe ndiye fundi anayesikia."

"Ndiye mimi."

"Haya. Nitakusikilizia."

*

Kulikuwa na kimya kwanza. Si kimya cha chumba. Kilikuwa kimya kingine, kipana, chenye jua. Dativa aliyekuwa amekaa chini pembeni, mgongo ukutani, alikihisi kikiingia na kusukuma kuta kidogo kidogo, mpaka godoro na shuka na mkorosho wa nje vikawa mbali sana. Mtu akakohoa. Mwanamume mmoja akasema kwa Kiswahili cha shule, "Haya, tayari." Mchi ukashuka.

Haukuwa mlio wa kijiko. Ulikuwa mzito, wa mti juu ya mti, na ndani yake mpunga ukichakarika. Kisha mchi wa pili, mwepesi kuliko wa kwanza kwa unywele, na katikati ya mapigo mtu anavuta pumzi. Ndipo sauti ikaja.

*Kinu cha nani kinalia?*

*Cha mwenye mgeni, ee.*

*Mgeni katoka wapi?*

*Katoka mbali, ee.*

Bi Esha hakusogea. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, viganja juu, kama mtu anayeomba dua. Dativa alimwangalia usoni kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na ule uwanja ambao yeye hakuweza kuuona. Aliona macho ya mama yanakwenda kushoto wakati wa swali, yanarudi kulia wakati wa jibu. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Yalikuwa yanawafuata watu. Dativa alipoyaona macho yale yanatembea hivyo, ndani ya chumba chake, katikati ya vile vipimo vya futi kamba, alisogea karibu zaidi kumwangalia.

"Wametengana," Bi Esha alinong'ona. "Mwanangu, wametengana. Mmoja yuko pale dirishani. Mwingine huyu hapa, ningeweza kumshika."

"Nani yuko dirishani?"

"Sijui. Rudia."

Walirudia mara tatu, nne. Sauti za wale wasichana zilikuwa moja kweli. Hata zilipotengana zilikuwa kama vikombe viwili vya seti moja. Anayeongoza alikuwa kushoto na anayepokea kulia, hilo lilikuwa wazi, lakini yupi ni yupi? Dativa akakumbuka hedifoni. Bi Esha alisitasita, akasema hazitaingia juu ya mtandio, mwisho akaulegeza na kukubali. Dativa alimvalisha kama mtu anavyomvalisha mtoto kofia, akihakikisha herufi ya kushoto iko kushoto. Akabonyeza. Sasa chumba kilikuwa kimya, na wimbo ulikuwa ndani ya kichwa cha Bi Esha peke yake.

Dakika ikapita. Mara Bi Esha akainua mkono wa kulia na kuugusa upande ule wa hedifoni.

"Vifaranga," alisema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema watu waliozibwa masikio.

"Nini?"

"Vifaranga wanalia. Huku. Wako ndani ya tenga."

Dativa alisimamisha wimbo. Bi Esha akavua hedifoni, akazishika mapajani kwa mikono miwili.

"Kuku wetu alikuwa ameangua," alisema. "Tuliwafunika vifaranga kwa tenga kwa sababu ya mwewe. Mama akaniambia mimi, Esha, simama hapo karibu na tenga, usiondoke, ukiondoka nitakuchapa hata kama wageni wapo. Nilitwanga huku mguu wangu mmoja umegusa lile tenga. Walikuwa wananidonoa kidole." Akatazama chini kwenye mguu wake kama vile kidonda kingalipo. "Vifaranga wako kulia. Anayepokea yuko kulia."

Dativa hakutaka kuamini haraka hivyo. Alizivaa hedifoni, upande wa kulia kwenye sikio lake zima, akasikiliza. Walikuwapo. Nyuma ya mchi, juu kabisa, mahali ambapo nakala za simu hukata kila kitu ili kupunguza uzito, kulikuwa na vilio vidogo vidogo, vikali kama ncha za sindano. Akageuza, akasikiliza upande wa kushoto. Vilikuwapo pia, lakini kwa mbali sana, ng'ambo ya uwanja. Na hapa karibu alikuwapo msichana anayeongoza, mwenye mchi mzito, ambaye kabla ya kila swali alivuta pumzi fupi puani, kama anayetaka kucheka.

"Sauda ndiye aliyeongoza," Bi Esha alisema.

*

Dativa alimenya machungwa kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Wakala. Joto lilikuwa limepanda, shuka za dirishani zilikuwa na rangi ya mwanga, na chumba kizima kilikuwa kama ndani ya yai.

"Rehani yuko hapahapa Masoko," Bi Esha alisema. "Anapika shuleni. Nimemwambia aje saa nane."

"Vizuri."

"Si vizuri." Akajifuta vidole. "Mashine yako inaweza kuwabadilisha?"

"Kuwabadilisha vipi?"

"Wa kushoto aende kulia. Wa kulia aje kushoto. Nimsimulie Rehani habari ya tenga, nimwambie lilikuwa kulia, niseme haya, huyu wa kulia ni mimi, ninaongoza."

Dativa alikaa na ganda la chungwa mkononi. Alijua kuwa hata wakibadilishwa pande, vifaranga wangehama pamoja na aliyesimama karibu nao. Lakini alijua pia kwamba Rehani asingeyajua hayo. Angesikia sauti mbili, angeambiwa hadithi, angeamini kama alivyoamini siku zote. "Inawezekana," alisema. "Ni kubonyeza mara moja."

"Bonyeza."

Akabonyeza. Bi Esha akavaa hedifoni mwenyewe safari hii, na Dativa akauachia wimbo. Hakumtazama usoni, alitazama ukuta. Alisikia tu pumzi ya mama ikibadilika.

"Toa," Bi Esha alisema. "Toa, mwanangu. Nimesimama mahali pake. Mchi wangu mwepesi unatoka kwake." Machozi yalikuwa yanamtiririka bila kwikwi, kama maji yanayojaza kisima. "Yeye alisimama upande wa mlango, maana alikuwa na mimba changa na hakuwa amemwambia mtu mwingine. Alitaka akichefuka akimbilie ndani. Mimi tu ndiye niliyejua. Rudisha alipokuwa."

Dativa akarudisha.

*

Rehani alikuja saa nane kasoro, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mrefu, mikono yake ikinuka moshi na vitunguu. Alimsalimia mama yake mlezi shikamoo, akamsalimia Dativa, akakitazama kile chumba kilichovikwa mashuka, akatabasamu kwa aibu kidogo. "Mmejenga hema?"

Bi Esha hakungoja hata akae. "Rehani. Mama yako ndiye anayeongoza. Mimi ndiye ninayepokea. Nimekudanganya."

Rehani aliendelea kusimama. "Kwa nini?"

"Walikuja watu wa redio, wakauliza, nani kaongoza? Sauda alikuwa kaburini mwaka wa tatu. Nikasema ni mimi. Nilidhani ni neno la siku moja."

Dativa alitaka kutoka nje lakini Rehani alikuwa amesimama mlangoni. Akayatazama tena yale mashuka. Kisha akasema, kwa utulivu uliokuwa mbaya kuliko kelele:

"Mimi nimejifunza kupokea, mama. Umewahi kulifikiria hilo? Toka nikiwa na miaka sita. Nikifua, napokea. Wanangu wote wanne nimewabembeleza kwa *cha mwenye mgeni, ee*. Nilikuwa nikisema hii ndiyo sauti ya mama yangu, inapita kwangu. Kumbe nilikuwa nawabembeleza kwa sauti yako."

"Ndiyo."

"Miaka yote hiyo."

"Ndiyo, mwanangu."

Rehani akatoka. Wakamsikia uani, anakwenda na kurudi, anapiga teke kopo. Bi Esha alianza kuinuka na Dativa akamwekea mkono begani, akamrudisha kitini. Hakujua kama anafanya sawa. Jirani alikuwa anachota maji. Ndoo ikajaa, ikamwagika, bomba likafungwa.

Rehani aliporudi alikuwa amenawa uso. Hakumtazama mama yake mlezi. Alimwambia Dativa, "Nisikilizishe. Yeye peke yake, kama inawezekana."

Iliwezekana. Dativa alizima upande wa kulia wote, akaacha wa kushoto, akauelekeza uingie masikio yote mawili, akamvalisha hedifoni. Akabonyeza.

Rehani aliketi sakafuni, magoti kifuani, akafumba macho, na uso wake ukaanza kufunguka taratibu sana. Midomo ilimcheza. Dativa alijua alipo. Alikuwa amefika mlangoni pa ua ule, jua limewaka, mpunga unaruka kinuni, na msichana wa miaka kumi na minane yuko hatua mbili mbele yake, anavuta pumzi puani kabla ya kuuliza mgeni katoka wapi. Wimbo ulipokwisha Rehani alinyoosha kidole bila kufumbua macho: tena. Na tena. Mara ya tano alianza kuimba, kwa chini, si kupokea. Aliuliza lile swali pamoja na mama yake, akalikosea, akachelewa, akalifuata.

Mwisho alivua hedifoni.

"Ana haraka," alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Kila mara anaingia kabla ya mchi kutua. Kwa nini ana haraka hivyo?"

Swali lilielekezwa ukutani, lakini Bi Esha ndiye aliyelijibu.

"Sauda? Sauda alikuwa na haraka ya kila kitu. Hata kuzaliwa alinitangulia, nikawa mimi Doto. Wali alikuwa anaupakua haujaiva. Siku moja tulitumwa chumvi dukani, akakimbia mpaka akapitiliza duka."

Rehani alimtazama kwa mara ya kwanza tangu arudi. Hasira ilikuwa bado imekaa usoni mwake, haikuwa imehama, na Dativa alidhani itakaa siku nyingi. Lakini nyuma yake kulikuwa na njaa.

"Hukuwahi kuniambia habari ya duka."

"Sikuwahi kukuambia habari zake nyingi. Kila nikianza naona nitafika pale pa wimbo."

"Haya, sasa ushapita hapo." Rehani akasogea, akaegemeza mgongo kwenye godoro, miguu akainyoosha mbele. "Alipopitiliza duka ikawaje?"

"Akarudi na tumbaku badala ya chumvi," Bi Esha alisema. "Na babu yetu akafurahi sana."

Rehani hakucheka, lakini hakuondoka. Dativa aliinuka polepole, akaondoa blanketi moja dirishani ili wapate hewa, akaketi tena kwa namna ambayo sikio lake zima liliwaelekea wote wawili, kwa sababu Bi Esha alikuwa ameanza kusimulia habari ya pili.